Kitambaa cha Kaunta ya Mzee Juvenali

Mzee Juvenali wa Nyamiaga, wilayani Ngara, alipostaafu kazi ya ghala katika shirika moja la misaada, watu walidhani atarudi kulima migomba kama wastaafu wenzake. Hawakujua kwamba mzee alirudi na ugonjwa wa chati. Huko shirikani, alisema, hakuna bosi aliyekunywa chai ya asubuhi kabla ya kutazama chati ukutani. Mahindi yalikuwa na chati, blanketi zilikuwa na chati, hata vyoo vilikuwa na chati yake ya rangi. Watu wa Nyamiaga walisikiliza, wakatikisa vichwa kwa huruma. Kumbe miaka yote hiyo walikuwa wanakwenda chooni bila takwimu.

Aliyeishi karibu zaidi na ugonjwa huo alikuwa Domisiana, maana yeye alishinda barazani kwa mzee kuanzia saa mbili asubuhi, na cherehani chake cha kukanyaga, na binti yake Uwase wa miezi kumi, ambaye akiwa si mgongoni basi yuko chini ya meza akitafuna mabaki ya vitambaa.

Domisiana alikuwa mzaliwa wa Rulenge. Alimaliza darasa la saba, masista wakamfundisha kushona na kudarizi, kisha akaolewa na Bulugu, Msukuma mpole ambaye kazi yake ilikuwa kuswaga ng'ombe wa watu kwenda minadani hadi Biharamulo. Bulugu alikumbuka rangi na pembe za kila ng'ombe aliyewahi kumswaga, lakini siku ya kuzaliwa ya mwanawe aliikosea kwa wiki mbili. Walipanga chumba kimoja huko bondeni, mahali ambapo mteja hafiki mpaka awe amepotea njia. Kwa hiyo baraza la Mzee Juvenali, lililotazama barabara, ndilo lililokuwa duka la Domisiana, na jiko la uji wa mtoto, na mahali pa kupata habari. Mzee alimwachia akae bure. Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Palikuwa na moyo wa mzee tu, na moyo wa mzee, kama mawingu ya Ngara, ulibadilika kabla hujaanua nguo.

Mwaka huo mzee alijenga kaunta. Sebuleni, mahali ambapo watu wengine huweka kabati la vyombo, fundi alipandisha ukuta mfupi wa matofali, akaubandika vigae vyeusi, na juu yake akaning'iniza glasi kichwa chini kama popo. Vikaletwa viti vitatu virefu visivyo na mgongo. Mke wa mzee, Speciosa, ambaye watu walimwita Mama Kezia, alikipanda kimoja siku ya kwanza, akashushwa na majirani wawili.

"Baa yenyewe ni ya nani?" aliuliza akijipangusa. "Mimi nakunywa chai. Wewe daktari kakukataza. Kezia yuko Mwanza."

"Ya wageni," alisema mzee.

"Wageni gani, hao wanaokuja kuazima jembe?"

Basi wageni wakapatikana kweli. Binti yao Kezia alichumbiwa na kijana wa Rulenge, na wakwe wakatuma ujumbe kwamba watafika Jumamosi, wiki tatu zijazo, kujitambulisha na kuzungumza mambo ya mahari. Mzee akaamua kwamba watu hao hawatapewa pombe ya ndizi kama wapita njia. Watapewa kokteli. Alikuwa ameziona kwenye simu: kinywaji kinachanganywa, kinatikiswa, kinawekwa rangi, kinavishwa kipande cha tunda mdomoni. Alinunua chupa tano: gini, vodka, ramu, wiski, na ya tano, ambayo hakuna aliyejua jina lake hasa, ilikuwa ya bluu. Hiyo ya bluu aliitafuta miezi mitatu. Dereva wa lori aitwaye Jean Paul ndiye aliyemletea mpaka Nyakanazi, na mzee alikwenda mwenyewe kuipokea, akarudi nayo ndani ya basi akiwa ameipakata, imefungwa taulo kama mtoto mchanga.

Kesho yake akatoka barazani na daftari.

"Mama Uwase, wewe unajua kuhesabu nyuzi."

"Kidogo, mzee."

"Nataka chati."

"Ya vipimo vya nguo?"

"Ya vinywaji. Humu nimeandika kokteli ishirini, na kila kinachoingia. Wewe unitengenezee chati ya kutundika juu ya kaunta. Mgeni akiingia tu, aone kwa jicho moja kwamba nyumba hii haikununua chupa kwa kubahatisha. Kila chupa ina sababu yake."

"Si ungeichapisha mjini, mzee? Kwa mashine itatoka haraka."

"Karatasi ni ya ofisini. Mimi nataka kitambaa kilichodariziwa. Kisomi, lakini cha nyumbani."

Domisiana alilichukua daftari, na nyumbani, Uwase alipolala mchana, akalifungua. Mzee alikuwa amezitafsiri kokteli zote majina. Palikuwa na Ziwa Jioni, na Busara ya Nahodha, na Mahaba ya Kisiwani, na moja iliyoitwa tu Namba Kumi na Mbili, nadhani siku hiyo mahaba yalikuwa yamemwishia. Domisiana hakuwahi kuonja hata moja, wala hakuwa na haja. Chati aliijua kwa njia nyingine. Kila mwezi alimpeleka Uwase kliniki, muuguzi akampima, akaweka nukta kwenye kadi, na nukta zikishikana zinakuwa mstari. Mama mzima anaweza kuongea saa nzima kwamba mwanawe anakula vizuri. Muuguzi haongei, anatazama mstari.

Kwa hiyo alichora mistari kwenye karatasi. Kushuka chini aliandika kokteli ishirini, kwenda pembeni akaandika kila kinachoingia, na kila daftari lilipotaja kitu akaweka nukta. Alihesabu mara mbili. Akamwita Bulugu, aliyekuwa nyumbani siku hiyo, ahesabu mara ya tatu, kwa sababu mtu anayehesabu ng'ombe wakitembea hashindwi kuhesabu nukta zilizokaa. Majibu yakawa yale yale. Gini iliingia kwenye kokteli saba. Ramu sita. Vodka tano. Wiski tatu. Sukari iliyoyeyushwa, kumi na moja. Limau, kumi na nne.

Na ile ya bluu, moja. Ziwa Jioni.

Domisiana alifurahi. Aliona ni habari njema kabisa: kinachohitajika kuliko vyote katika baa ya mzee ni limau, na mlimau uko nyuma ya choo cha mzee mwenyewe, matawi yamelemewa, mbuzi wa jirani Nshoma wanajilia. Akachukua kitambaa cheupe, akadarizi safu saba zilizosimama kama nyumba za ghorofa, kila kokteli kisanduku kimoja cha mishono ya msalaba, kila safu na rangi yake. Safu ya limau ilipanda kijani mpaka juu. Ya bluu ilikaa chini kabisa, kisanduku kimoja, kama kibanda cha mlinzi. Siku tisa zilikwisha hapo, na vidole viwili vikachomwa mpaka vikazoea.

Mzee Juvenali alikitandaza kitambaa juu ya kaunta. Alikitazama muda mrefu, akakisogeza mbali na macho, maana miwani anayo lakini anasema inamzeesha.

"Hii ya kijani ndefu ni gini?"

"Ni limau, mzee."

"Limau."

"Inaingia kwenye kokteli kumi na nne."

"Limau hili ambalo mbuzi wa Nshoma wanakula?"

"Ndiyo, mzee."

"Na ya bluu iko wapi?"

Domisiana akamwonyesha kwa kidole. Ilibidi mzee ainame.

"Chupa niliyoingojea miezi mitatu," alisema polepole, "nikaipakata kutoka Nyakanazi mpaka hapa, watu wakidhani nimebeba mjukuu. Unaipa kisanduku kimoja?"

"Daftari lako ndilo lililoipa, mzee. Mimi nimehesabu tu."

"Kuhesabu hata mbuzi wangehesabu! Chati inampa heshima mwenye nyumba. Wakwe wangu waje kutoka Rulenge, watazame ukutani, waone nimejenga kaunta ya vigae kwa ajili ya malimau?" Akakikunja kitambaa, akamrudishia. "Ifumue. Bluu ipite zote. Kama huwezi sema mapema, ili Jumatatu baada ya wageni nimpe baraza hili fundi mwingine anayejua chati."

Kisha akaingia ndani kwa upole, kama mtu aliyetoa ushauri.

Domisiana alikaa kwenye kiti chake bila kukanyaga. Barabarani watu walipita, mmoja akamsalimu, mwingine akauliza gauni la kipaimara la binti yake limefikia wapi. Alijibu limefikia mikono. Alijaribu kuhesabu mabaraza mengine ya Nyamiaga yanayotazama barabara. La kwanza lina kinyozi, la pili lina muuza vocha, la tatu lina mwenye nyumba anayependa kukaa karibu mno na mafundi wanawake. La nne hakulipata.

Usiku ule Bulugu alimpa ushauri wa kitaalamu. "Si umwongezee tu visanduku? Mnadani ng'ombe anapewa chumvi kabla ya mizani, anakunywa maji mpaka tumbo linakuwa ngoma. Kilo zinapanda. Hakuna anayekufa."

"Na aliyemnunua?"

"Ah, huyo anajua wiki inayofuata."

Domisiana hakucheka. Alikumbuka jirani mmoja aliyembembeleza muuguzi ampandishie mwanawe nukta kidogo, mume asije akagomba. Nukta ilipanda. Mtoto hakupanda. Toka siku ile Domisiana hakuweza kuitazama nukta kama mchezo. Akafumua kweli safu ya limau, uzi mmoja mmoja, na alipoishika sindano yenye uzi wa bluu mkono wake ukakaa hewani tu, kama unasubiri mtu mwingine aje autumie.

Jibu alilipata akimsaidia Mama Kezia kufuta vumbi kwenye chupa. Alizigeuza moja moja, na nyuma ya kila chupa, kwa maandishi madogo kama siafu, akasoma ilikotengenezwa. Gini, Dar es Salaam. Vodka, Uganda. Ramu, kisiwa cha Moris. Wiski, Afrika Kusini. Ya bluu, Uholanzi.

"Mama Kezia, Uholanzi ni mbali?"

"Mbali sana. Bosi wa zamani wa Baba Kezia alitoka huko. Alikuwa anavaa kaptula mpaka kanisani."

"Kezia aliacha atlasi yake?"

Ilikuwepo, chini ya sanduku, imeliwa pembe na panya, lakini dunia ilikuwa imesalimika. Domisiana aliweka ncha ya uzi juu ya Ngara, akauvuta mpaka Dar, akaukata. Akaweka mwingine mpaka Uganda. Akavuka bahari, akashuka kusini, na mwisho akauvuta uzi wa bluu kupita Sudani, kupita jangwa, kupita bahari nyingine, mpaka Uholanzi. Akazipanga nyuzi juu ya kaunta. Ya bluu ilizipita zote, tena bila kupewa chumvi.

Basi akadarizi upya. Safu zikawa zile zile, ila swali likawa jingine, na chini kabisa akaliandika kwa uzi mweusi ili asimdanganye mtu: KILA KISANDUKU NI KILOMITA MIA TANO ZA SAFARI. Bluu ikapanda mpaka juu. Limau hakuliacha nje, maana kuliacha kungekuwa uongo pia. Alilipa mshono mmoja, kwa hatua thelathini za kutoka nyuma ya choo.

Mzee alipokiona, uso ulimng'aa. "Eeeh! Umeona? Kumbe unajua, ulikuwa unanipima tu."

"Mzee, nimebadilisha kinachohesabiwa. Hapa chini nimeandika kwamba—"

"Binti, usinieleze mimi chati. Nimefanya kazi na chati miaka kumi na tisa."

Alikitundika mwenyewe, kwa misumari minne.

Jumamosi wakwe walifika kumi na mmoja. Mbele alikuwa msemaji wao, Hategekimana, mjomba wa kijana, mwanamume mrefu mwenye kofia na subira. Nyuma yake, akiwa ameshikwa mkono, alikuja bibi wa kijana, Mwalimu Nyirabahizi, aliyefundisha shule za Rulenge mpaka wanafunzi wake wakawa na wajukuu. Watu wazima walisimama alipoingia, wengine bila kujua kwa nini. Domisiana alikuwa pale kusaidia sinia, Uwase mgongoni.

Salamu zikaenda, shikamoo na marahaba zikazunguka chumba chote. Kisha Mzee Juvenali akaingia nyuma ya kaunta. Alikuwa amevaa shati jeupe na kizibao. Alimimina, akachanganya, akatikisa chombo cha bati kando ya sikio kama anayesikiliza kama yai limeoza, akamimina tena. Domisiana akapeleka sinia la kwanza: glasi kumi na moja, rangi kumi na moja, kila moja na kipande cha limau mdomoni.

Hategekimana alichukua yake. Akaishukuru. Akaiweka mezani, akakunja mikono, akamtazama mwenye nyumba kwa tabasamu zuri sana. Wengine wote wakaweka zao mezani.

Mzee Juvenali alidhani wanasubiri sala. Mama Kezia ndiye aliyegundua, akafumba macho. Katika milima hii kinywaji hakikabidhiwi bila kuonjwa. Mwenyeji anakunywa kwanza mbele ya mgeni, mgeni aone kwamba hakuna baya ndani yake, na mgeni hasemi neno, anangoja. Pombe ya ndizi huja katika chungu kimoja, mwenyeji anavuta mrija mara moja, kazi imekwisha. Mzee Juvenali, katika takwimu zake zote, hakuihesabu hiyo. Glasi zilikuwa kumi na moja. Kila moja ilikuwa na mambo yake.

"Karibuni," alisema mzee.

"Tumekaribia," alisema Hategekimana, bila kugusa glasi.

Ndipo mzee akaelewa. Akatoka nyuma ya kaunta, akachukua glasi ya Hategekimana, akanywa. Kuonja kidogo kwa ncha ya ulimi ni aibu. Mtu atasema mwenyeji anakiogopa kinywaji chake mwenyewe. Akapiga funda la kiume. Akaenda kwa wa pili. Kwa wa tatu. Kwa wa nne alisimama kidogo, akashika kiti. Daktari wake hakuwepo, na kama angekuwepo naye angengoja glasi yake ionjwe.

"Baba Kezia, pumzika," alinong'ona Mama Kezia.

"Wageni hawanyimwi," alisema mzee, na macho yake tayari yalikuwa yanatazama pande mbili.

Alipofika wa kumi na moja alikuwa amezizunguka kokteli ambazo mtu mwenye akili huzipanga kwa mwaka mzima. Sinia la pili likaja, maana ukarimu ni ukarimu. Akaanza upya. Katikati ya sinia la pili alisahau alikofika, akarudi kwa Hategekimana, akamwonjea mara ya tatu. Hategekimana alimshukuru kila mara.

Kisha mzee akasimama chini ya kitambaa, mkono mmoja ukiwa umeushika ukuta, ama ukuta umeushika mkono.

"Wakwe zangu! Hii ni chati. Nyumba hii haibahatishi. Mnaona hii ya bluu? Hii ndiyo mama yao. Inaingia kwenye kokteli zote. Zote! Ndiyo maana imepanda namna hii."

Wakwe wakapiga makofi ya heshima. Mwalimu Nyirabahizi hakupiga. Aliinuka, akasogea mpaka ukutani, akavaa miwani yake, ambayo yeye hakuiogopa, akaweka kidole kwenye mstari wa chini, akausoma kwa sauti kama anavyosomea darasa:

"Kila kisanduku ni kilomita mia tano za safari." Akageuka. "Mkwe wangu, mbona mimi naona mambo ya safari? Kokteli ziko wapi hapa?"

Mzee alikisogelea kitambaa, akakodoa macho.

"Nani amedarizi?" aliuliza Mwalimu.

Mama Kezia alimtazama Domisiana. Domisiana alilishika sinia kwa mikono miwili. Aliliona baraza kama mtu anavyoona basi likiondoka na mzigo wake juu.

"Ni mimi, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Umehesabu nini?"

Angeweza kusema amekosea. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, mafupi, na yasingemgharimu chochote. Mzee alikuwa anamtazama kwa macho mekundu, na macho yalisema Jumatatu.

"Nimehesabu umbali, Mwalimu. Kila chupa ilikotoka mpaka hapa Nyamiaga. Nilipima kwa uzi kwenye atlasi."

"Ulipima kwa uzi." Mwalimu alitikisa kichwa taratibu. "Na kokteli, hukuzihesabu?"

"Nilizihesabu kwanza. Kitambaa cha kwanza kilikuwa hicho."

"Kipi kilikuwa kirefu?"

"Limau, Mwalimu. Kumi na nne kati ya ishirini. Ya bluu inaingia kwenye moja."

Kuna kimya cha kanisani, na kuna kimya cha watu kumi na mmoja wanaouma midomo wasicheke mbele ya mkwe. Cha pili ndicho kinachoumiza mbavu. Aliyeanza ni Hategekimana, kwa kikohozi kilichokuwa hakina ugonjwa wowote.

"Basi mwanangu," alisema Mwalimu, "mimi niletee hilo linalohitajika na wengi. Limau, maji na sukari. Mzee wa watu ameonja vya kutosha."

Ikawa hivyo. Domisiana na Mama Kezia wakakamua malimau ndoo nzima. Wanaume wakauliza kwa adabu kama jirani hana pombe ya ndizi, na Nshoma, ambaye alikuwa anachungulia dirishani tangu mchana, akajibu anayo kabla swali halijaisha. Chungu kimoja kikaja. Mzee Juvenali akasisitiza kukionja yeye. Akavuta mrija mara moja, sawasawa kabisa na desturi, kisha akamnyooshea Domisiana kidole.

"Jumatatu," alisema. "Cherehani. Jumatatu!"

Akalalia kaunta. Mdogo wa mzee, aliyekuwa ameketi upande wa wenyeji, akashika mazungumzo ya mahari, na yakaenda vizuri kuliko ilivyotarajiwa, pengine kwa sababu hakuna aliyeleta chati.

Jumapili Domisiana alikwenda misa ya kwanza, hakusikia mahubiri. Mchana alimaliza lile gauni la kipaimara ili asiondoke na deni la kazi ya mtu. Jumatatu saa moja na nusu alikuwa barazani na Bulugu, aliyeazima baiskeli. Wakafungua skrubu, wakakitoa kichwa cha cherehani, wakakifunga kwenye kitenge. Bulugu akaanza kuifunga meza kwa kamba ya ng'ombe. Hakusema neno, na Domisiana akamshukuru moyoni kwa hilo, maana angesema angetaja chumvi.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Juvenali akatoka, kichwani kitambaa kibichi, nyuma yake mkewe na kikombe cha uji.

"Mnakipeleka wapi cherehani?"

Domisiana akamtazama. "Mzee, si wewe ulisema Jumatatu…"

"Nilisema nini?"

Mama Kezia alikuwa amesimama nyuma ya mumewe. Alitikisa kichwa mara moja tu, kidogo sana, kama anayefukuza nzi.

"Jumatatu nini?" mzee aliuliza tena, akikunja uso kwa mwanga. "Mama Uwase, sema taratibu, kichwa changu kina mafundi seremala. Jumamosi naikumbuka mpaka wageni walipokaa. Baada ya hapo naona bluu tu."

"Anakipeleka kutiwa mafuta," alisema Mama Kezia.

"Akitie mafuta hapahapa! Watu watadhani nimemfukuza." Mzee alipokea uji, akapuliza, akanywa kidogo. Kisha akauliza, na sauti yake ikawa ya mtu anayeogopa jibu, sauti ambayo Domisiana hakuwahi kuisikia kwake: "Wakwe… waliitazama chati?"

Bulugu aliacha kufunga. Domisiana angeweza kusema yote hapo hapo, neno kwa neno, tangu makofi mpaka kikohozi cha Hategekimana. Ukweli wote alikuwa nao. Alimtazama mzee, kitambaa kibichi kinamdondoshea maji shingoni.

"Waliitazama, mzee. Mwalimu Nyirabahizi aliisoma mpaka mstari wa chini kabisa. Na binti yako wamemkubali."

"Mpaka wa chini?"

"Kwa sauti."

Mzee Juvenali alinyoosha mgongo. "Nilijua. Msomi humtambua msomi." Akageuka kuingia ndani, akasimama mlangoni. "Leo anakuja bwana shamba kuona migomba. Na yeye nitamweleza ile ya bluu."

Akaingia. Mama Kezia akaketi kwenye ngazi, akajifunika uso kwa upande wa kanga, mabega yakimtikisika. Uwase, aliyekuwa chini ya meza, alimtambalia kuona kuna nini cha kuchekesha.

"Sasa?" aliuliza Bulugu, kamba mkononi.

"Sasa nini? Fungua hiyo kamba," alisema Domisiana. "Bisibisi umeiweka wapi? Mwenye gauni anakuja saa tatu."